Roketi Nyuma ya Ziwa

Wajukuu zangu, swali lenu nimelisikia: mtu aliyesimama Toronto anaweza kuiona roketi inayorushwa Marekani? Anaweza. Tena hahitaji darubini kubwa wala tiketi ya ndege. Anahitaji ufukwe wenye giza, anga isiyo na mawingu, saa inayokwenda sawasawa, na kujua aelekeze macho wapi. Nitawaeleza jinsi ya kuitazama, kisha nitawapeleka mbali kidogo, mpaka pwani ya Kenya, kwa sababu habari ya Toronto na roketi haikamiliki bila kukitaja kijiji kimoja cha wavuvi kilichoko kaskazini mwa Malindi.

Roketi nyingi za Marekani huondokea Florida, na huko ni mbali mno na sisi. Lakini katika jimbo la Virginia kuna kisiwa kiitwacho Wallops, na roketi zimekuwa zikirushwa hapo tangu mwaka 1945. Kutoka Wallops hadi Toronto, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 730. Umbali huo unazidi kidogo safari ya ndege kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam. Sasa mtu mwenye akili atauliza: ikiwa mtu wa Dar es Salaam hawezi kuuona moto uliowashwa Nairobi, wa Toronto atauonaje moto wa Virginia?

Jibu limo katika umbo la dunia. Sisi watu wa pwani jambo hili tumelijua tangu zamani kwa kutazama bahari. Jahazi linaporudi, kwanza huchomoza ncha ya mlingoti na tanga, na mwili wake hufuata baadaye, maana bahari nayo imejikunja pamoja na dunia. Hapa Toronto mnaweza kulishuhudia jambo lile lile. Siku ya hewa safi nendeni Niagara-on-the-Lake, mji mdogo ulio ng'ambo ya Ziwa Ontario, mtazame kaskazini. Mtauona mnara wa CN, wenye urefu wa mita 553, na vichwa vya maghorofa makubwa, lakini chini yake hamna mji. Zaidi ya mita 100 za chini zimefichwa na mgongo wa maji. Mji haujazama. Ni ziwa limeinuka katikati yenu na mji.

Basi igeuzeni hesabu hiyo. Kitu kilicho umbali wa kilomita 730 kitachomoza kwetu kikipanda kimo gani? Ukikokotoa kwa ukubwa wa dunia yetu, unapata kilomita 42 hivi. Ndege za abiria huruka kilomita 10 hadi 12 kutoka ardhini, kwa hiyo ndege iliyoko Virginia hatutaiona kamwe. Roketi haikomi hapo. Hupita kilomita 42, ikapita 100, ikaendelea hadi 200 na zaidi. Ndiyo maana mtu wa Toronto hawezi kuona moshi wa mwanzo wala moto unaolamba jukwaa. Yeye huipokea roketi ikiwa tayari imekwisha panda, dakika mbili au zaidi baada ya kuondoka, ikichomoza nyuma ya ziwa kama vile imetoka majini.

Na mji huu umebahatika kwa jinsi ulivyokaa. Wallops iko kusini mashariki yetu, ikielekea zaidi kusini, na upande huo wote Toronto inatazamana na ziwa. Hakuna mlima wala ghorofa la kuziba. Ukisimama Woodbine Beach, au kule Ward's Island kwenye visiwa vya Toronto, mbele yako ni maji matupu. Zipeni kisogo taa za barabarani, na mkae gizani kama dakika 20 ili macho yazoee. Simu ziwekeni mfukoni, kwa sababu mwanga wake utawaharibia macho mara moja. Kisha nyoosheni mkono mbele na kukunja ngumi: roketi haitapanda juu ya maji zaidi ya kimo cha ngumi hiyo. Wengi huikosa kwa kutazama juu mno.

Kabla ya roketi ya usiku kuondoka Wallops, NASA, yaani shirika la anga la Marekani, huchora ramani yenye duara ndani ya duara. Kila duara huonyesha watu wa eneo lile wataanza kuiona roketi baada ya sekunde ngapi. Ramani hiyo ndiyo ya kuitafuta kwanza. Ya pili ni kuwa na moyo wa kungoja, kwani urushaji huahirishwa mara nyingi: upepo wa juu ukizidi, boti ikipotea njia na kuingia eneo lililofungwa, au kifaa kimoja kikitoa namba isiyopendeza.

Je, mtaona nini? Nukta yenye rangi ya dhahabu au chungwa, inayokwenda bila kupepesa. Ndege huwaka na kuzima taa zake, roketi haifanyi hivyo. Sauti msiitarajie. Sauti huchukua kama sekunde tatu kwenda kilomita moja, kwa hiyo mngurumo wa Virginia ungehitaji zaidi ya dakika 35 kufika Toronto, na hufa njiani zamani. Mtaiona nukta ikikimbilia kushoto, kuelekea baharini, halafu ghafla itazimika.

Hapo ndipo wengi hukunja viti vyao wakarudi nyumbani. Ninyi msiondoke. Roketi imetengenezwa kwa hatua, moja juu ya nyingine. Hatua ya kwanza ikimaliza mafuta huachwa ianguke baharini, na kwa sekunde chache roketi huelea mbele bila moto wowote. Kisha hatua ya pili huwashwa, na nukta hurudi kuwaka, mbali zaidi na juu zaidi. Mtu aliyeiona nukta ikizimika na kuwaka tena ameelewa kitu ambacho picha za simu hazikifundishi vizuri: kwamba ule moto mkubwa wa mwanzo ni mlango tu, na safari yenyewe iko ng'ambo yake.

Usiku wa tarehe 6 Septemba 2013, saa 5 na dakika 27, roketi iitwayo Minotaur V iliondoka Wallops ikiwa na chombo cha LADEE kilichokwenda kuchunguza hewa nyembamba sana inayouzunguka mwezi. Watu waliiona kutoka miji mingi ya mashariki ya Marekani, hadi New York na Boston. Kamera moja iliyowekwa karibu na jukwaa ilinasa picha ya chura aliyerushwa hewani na kishindo, miguu imetanuka, nyuma yake roketi inapaa. Watu wengi walidhani picha imebuniwa, lakini NASA walithibitisha kwamba chura alikuwa wa kweli. Wallops imezungukwa na vinamasi, na viumbe wake hawasomi ratiba. Namhurumia chura yule kila nikiikumbuka picha ile.

Lakini roketi ya Wallops ninayoipenda kuliko zote ni ya tarehe 7 Novemba 2022. Ilipangwa iondoke siku moja kabla, ila kengele ya moto ikalia katika jengo la Dulles, Virginia, ambamo waongozaji wa chombo walikuwa kazini. Ikabidi watoke, na urushaji ukasogezwa. Kesho yake, saa 11 na dakika 32 alfajiri kwa saa za Toronto, ambayo Kampala ilikuwa saa 7 na dakika 32 mchana, roketi ya Antares ikapaa ikibeba chombo cha mizigo kiitwacho Cygnus. Ndani ya chombo hicho, kati ya vyakula na vifaa vya wanaanga, kulikuwa na kisanduku chenye upana wa sentimita 10, urefu wa sentimita 10, na kimo cha sentimita 10. Kisanduku hicho kilikuwa setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1. Waliijenga wahandisi watatu Waganda, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke, waliokuwa wakisoma katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu nchini Japani. Pembeni yake ilikaa ZIMSAT-1, setilaiti ya kwanza ya Zimbabwe.

Fikirini basi. Mtoto wa Kiganda aishiye Toronto, kama angeamka alfajiri ile na anga ikiwa safi, angeweza kwenda ufukweni akatazama nukta ya moto iliyobeba setilaiti ya kwanza ya nchi ya wazazi wake. Kampala watu waliifuata kwenye skrini. Yeye angekuwa na ziwa.

Na Toronto haikuachwa nje ya safari hiyo. Cygnus ilipofika angani, moja ya mabawa yake mawili ya kupokea nguvu za jua liligoma kufunguka. Waongozaji wakaamua bawa moja litatosha, na chombo kikaendelea. Siku mbili baadaye, tarehe 9 Novemba, kikakaribia Kituo cha Kimataifa cha Anga. Chombo hicho hakitii nanga chenyewe. Husogea, kikatulia, kikangoja kushikwa. Mkono uliokishika ni Canadarm2, mkono wa roboti wenye urefu wa mita 17 na nusu hivi, na siku hiyo aliyeuongoza alikuwa mwanaanga Mmarekani Nicole Mann. Mkono huo ulijengwa Brampton, mji jirani wa Toronto. Kaka yake, Canadarm ya kwanza, ilitengenezwa Toronto kwenyewe na ikapanda angani mwaka 1981. Kwa hiyo kisanduku cha Waganda kilipita mbele ya upeo wetu kikiwa moto, kisha kikapokelewa juu na mkono uliotoka mtaa wa jirani. Tarehe 2 Desemba 2022 kikaachiliwa kuizunguka dunia chenyewe.

Sasa tuvuke bahari.

Mwaka 1964 kundi la Waitaliano walikuwa Wallops wakijifunza kazi ya roketi. Kiongozi wao alikuwa Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Tarehe 15 Desemba mwaka huo walirusha kutoka hapo Wallops setilaiti yao ya kwanza, San Marco 1, kwa mikono yao wenyewe. Lakini Wallops kwao ilikuwa darasa tu. Mahali walipopataka ni Ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Hapo walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, miguu yake ikiwa imekita kwenye sakafu ya bahari: San Marco la kurushia, na Santa Rita la kuongozea.

Kwa nini Ngomeni? Kwa sababu iko karibu sana na ikweta, digrii tatu tu kusini yake. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na kwenye ikweta ndiko inakokwenda kasi kuliko kwingine, karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayoondoka hapo kuelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure, kabla hata haijachoma tone la mafuta. Na mbele yake ni Bahari ya Hindi tupu, hakuna nyumba ya mtu ya kuangukiwa na hatua zilizokwisha kazi. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikapaa kutoka jukwaa lile, na hadi mwaka 1988 setilaiti tisa zilikuwa zimeondokea hapo kwenda angani. Ningependa kila mtoto wa Pwani ajue namba hiyo kama anavyojua majina ya wachezaji wa mpira.

Watu wa Ngomeni hawakuhitaji hesabu ya upeo wa macho. Kwao jukwaa lilikuwa pale pale baharini. Kwanza waliona moto, kisha kishindo kikawafikia, kwa kuwa mwanga hukimbia na sauti hutembea.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, roketi ya Scout yenye hatua nne iliondoka San Marco. Ilikuwa mchana Malindi na alfajiri Toronto. Ilibeba setilaiti ya Marekani iliyosimamiwa na mhandisi Marjorie Townsend wa NASA, na kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyowapokea, setilaiti ikaitwa Uhuru. Jina hilo limo katika vitabu vya astronomia hadi leo, dunia nzima.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kutafuta vitu angani vinavyotoa miale ya eksirei, ile ile ambayo hospitali huitumia kupiga picha za mifupa. Miale hiyo ikitoka angani haifiki ardhini, kwani hewa yetu huimeza. Jambo hilo ni jema kwa miili yetu, lakini humwacha mwanasayansi kama kipofu. Ilibidi jicho lipelekwe juu ya hewa. Uhuru ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo peke yake, na kazi yake ilizaa orodha ya vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kimoja cha vyanzo hivyo kiko katika kundi la nyota liitwalo Cygnus, nacho huitwa Cygnus X-1. Kilikuwa kimegunduliwa zamani kidogo, lakini Uhuru iligundua tabia yake ya ajabu: eksirei zake zilikuwa zikipanda na kushuka mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Hapa nataka mfikirie kwa makini. Mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Kitu chochote hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja upesi kuliko muda ambao mwanga huchukua kukivuka. Kinachobadilika kwa sehemu ya kumi ya sekunde hakiwezi kuwa na upana unaozidi kilomita 30,000. Jua letu lina upana wa karibu kilomita milioni moja na laki nne. Kwa hiyo kitu kile, kinachong'aa kwa eksirei kupita kiasi, kilikuwa kidogo mno. Ni kitu gani?

Hapa inaingia Toronto. Kaskazini ya mji, Richmond Hill, kuna jengo lenye kuba jeupe liitwalo David Dunlap Observatory. Lilifunguliwa mwaka 1935 likiwa na darubini yenye kioo cha upana wa mita 1.88, na wakati huo duniani kulikuwa na darubini moja tu iliyoizidi kwa ukubwa. Mwaka 1971 alikuwapo hapo mwanaastronomia kijana, Tom Bolton, mwenye umri wa miaka 28. Darubini za redio zilikuwa zimesaidia kubainisha mahali penyewe Cygnus X-1 ilipo, na mahali hapo palikuwa na nyota kubwa ya buluu inayoitwa HDE 226868. Bolton akaigeuzia darubini yake, usiku baada ya usiku.

Alichoona ni hiki. Mwanga wa nyota hiyo ulionyesha kwamba inatujia, kisha inatukimbia, kisha inatujia tena, kila baada ya siku 5.6. Nyota haichezi hivyo peke yake. Ilikuwa inazungushana na mwenzake mzito sana, na mwenzake haonekani. Bolton akakokotoa uzito wa yule asiyeonekana, akapata kwamba umezidi ule ambao nyota iliyokufa inaweza kuubeba bila kujiporomokea yenyewe. Kilichobaki ni shimo jeusi, kitu ambacho mpaka wakati huo kilikuwa kwenye karatasi za wanahisabati tu. Huko Uingereza, Louise Webster na Paul Murdin walifikia jambo hilo hilo kwa njia yao, na matokeo ya pande zote mbili yalichapishwa mwanzoni mwa mwaka 1972. Wengine walibisha kwa miaka. Stephen Hawking mwenyewe aliweka dau na rafiki yake Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi, akakubali kushindwa mwaka 1990.

Bolton hakuiona roketi ya Ngomeni ikipaa. Lakini naamini katika watu wote waliosimama mbali nayo, hakuna aliyeifuata hadi mbali kama yeye. Roketi ilizimika juu ya Bahari ya Hindi baada ya dakika chache tu, na kile ilichokibeba kilikuwa bado kinafanya kazi Richmond Hill mwaka mmoja baadaye.

Nyota yenyewe mnaweza kuitafuta. Mwezi wa Septemba, kati ya saa 2 na saa 3 usiku, mtoto wa Toronto ainue kichwa hadi karibu juu ya utosi wake, na mtoto wa Malindi atazame kaskazini, juu kidogo ya katikati ya upeo na utosi. Hapo pana kundi la Cygnus, lenye umbo la msalaba mrefu. Mti wa huo msalaba una nyota katikati yake iitwayo Eta Cygni, inayoonekana kwa macho matupu mahali penye giza. HDE 226868 iko ubavuni pake, hafifu, na inahitaji darubini ndogo. Shimo lenyewe halionekani, lakini nyota ile ya buluu ndiyo inayolizunguka, na mwanga mtakaouona uliondoka huko zaidi ya miaka 7,000 iliyopita. Mkubwa mmoja wa nyumbani awashikie ramani ya nyota, na taa ya kusomea ifunikwe kwa karatasi nyekundu.